Maporomoko ya Msitu wa Tijuca

Mji wa Rio de Janeiro uko katika nchi ya Brazili, katika bara la Amerika ya Kusini, kando ya bahari ya Atlantiki. Ni mji mkubwa sana. Wakazi wake wapita milioni sita. Ulikuwa makao makuu ya nchi ile tangu mwaka 1763 mpaka mwaka 1960, na ingawa sasa serikali yakaa Brasília, sifa za Rio hazikupungua. Mbele ya mji iko ghuba pana, na nyuma yake, hata katikati yake, imesimama milima ya mawe. Juu ya mlima mmoja uitwao Corcovado imewekwa sanamu kubwa ya Bwana Yesu, amenyosha mikono yake pande mbili kana kwamba aubariki mji wote. Kazi ya sanamu hiyo ilimalizika mwaka 1931. Watu wengi wa nchi za mbali huijua sanamu, walakini ni wachache wajuao habari za msitu uizungukao. Msitu huo waitwa Tijuca, na ndani yake mna maporomoko ya maji ambayo habari zake zafaa kujulikana na kila mtu anywaye maji.

Mtu atakaye kuyaona maporomoko hayo hupanda gari katika mtaa uliopo chini ya mlima, nao vilevile waitwa Tijuca. Mwanzo wa safari nyumba zimesongamana na barabara imejaa kelele. Kisha barabara yaanza kupanda kwa kupinda-pinda, mara mkono wa kuume, mara mkono wa kushoto. Nyumba zapungua, miti yainama juu ya njia, na hewa yawa baridi hata mwenye nguo nyepesi hujikunyata. Hatimaye msafiri hufika mahali paitwapo Alto da Boa Vista, na maana yake ni mahali pa juu penye mandhari njema. Hapo pana lango la msitu. Tangu langoni mpaka maporomokoni si mbali, hata mtoto aweza kwenda kwa miguu.

Mgeni huyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Kwanza sauti yake ni kama upepo katika majani. Kisha ni kama mvua ijayo kutoka mbali. Halafu, akiisha kupita kona ya njia, huyaona maji yenyewe yakishuka mbele yake. Kimo chake ni mita 30 na zaidi, yaani kama minazi miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya wa pili. Maji hayaanguki kwa mkupuo mmoja kama ndoo imwagwayo. Yateleza juu ya jabali jeusi, yagonga mwamba uliotokeza, yagawanyika kama nyuzi nyeupe, na chini yake yakutana tena. Manyunyu hurushwa pande zote, na kwa ajili hiyo mawe yaliyo karibu huwa na utelezi mwingi. Mgeni mwenye akili hukaa njiani, wala hajaribu kupanda mawe hayo.

Maporomoko haya huitwa kwa jina la Taunay. Nicolas-Antoine Taunay alikuwa mchoraji wa picha, mtu wa Ufaransa, aliyefika Rio mwaka 1816. Alipendezwa sana na mahali hapa, akajenga nyumba karibu, akayachora maporomoko kwa rangi. Mwaka 1821 alirudi kwao, lakini wanawe wengine walibaki Brazili, na jina la ukoo wake likabaki juu ya maji.

Basi, mgeni asimamapo hapo, akatazama miti mirefu iliyofunga mbingu, na kamba za mwituni zining'iniavyo, na maji meupe katikati yake, huweza kusema moyoni mwake, "Hakika msitu huu haukuguswa na mtu tangu Mungu alipoiumba dunia." Asemaye hivyo amekosea. Ni kweli kwamba Muumba ndiye aliyeuotesha msitu wa kwanza. Lakini watu waliuharibu msitu ule, na baadaye watu waliurudisha. Miti mingi iliyoko leo ni ya msitu wa pili, na mbegu na miche ya kwanza ya msitu huo ilitiwa ardhini kwa mikono.

Habari yenyewe yaanza na kahawa. Mbuni ni mti wa Afrika. Kwao asili ni Uhabeshi. Kutoka huko ulivuka bahari kwenda Yemen, na baadaye watu wa Ulaya waliupeleka katika nchi nyingi, nao ukafika Brazili katika mwaka 1727. Mwanzo wa karne ya kumi na tisa watu waliona kwamba milima ya Tijuca yafaa sana kwa kahawa, kwa kuwa ina baridi kidogo, ina mvua, tena iko karibu na bandari. Wenye mali wakapata mashamba huko. Miti mikubwa ikakatwa, mingine ikachomwa, mingine ikafanywa makaa ya kupikia mjini. Mahali pake pakapandwa mibuni, safu baada ya safu, kutoka bondeni mpaka karibu na vilele.

Kazi hiyo yote ilifanywa na watumwa. Katika nchi zote za Amerika hapana hata moja iliyopokea watumwa wengi kuliko Brazili; kwa muda wa zaidi ya miaka mia tatu walipelekwa huko watu waliopita milioni nne. Wengi waliofika Rio walitoka Angola na Kongo, na wengine walitoka pwani ya Msumbiji, wakazungushwa kwa merikebu kusini mwa Afrika mpaka ng'ambo ya Atlantiki. Watu hao ndio walioshika mashoka, na ndio waliochuma kahawa ambayo hawakuuza wao.

Mwana mmoja wa Taunay, jina lake Félix, alikuwa mchoraji kama baba yake. Karibu na mwaka 1843 alichora picha ambayo ingali inajulikana sana Brazili. Upande mmoja wa picha umesimama msitu mzima, mrefu, wenye kivuli na kijito cha maji. Upande wa pili ni miti iliyokatwa, na moshi wa makaa wapanda juu. Mtu akiitazama picha hiyo huona waziwazi mambo yaliyokuwa yakitendeka milimani siku zile. Na Félix Taunay huyo alikuwa mmoja wa walimu wa kijana aliyekuwa Kaisari wa Brazili, Pedro wa Pili.

Sasa yafaa kueleza jinsi mji ulivyopata maji. Zamani zile hapakuwa na mabomba katika nyumba. Maji yalitoka katika vijito vya milimani, hasa kijito kiitwacho Carioca. Yaliletwa mjini kwa mfereji uliopita juu ya matao makubwa ya mawe, yaliyomalizika mwaka 1750, na matao hayo yako hata leo. Mjini watu waliteka maji kwenye visima vya mawe vyenye mifereji midogo, na watumwa waliyachukua kwa vyombo vichwani mpaka nyumbani kwa mabwana zao. Kwa hiyo uhai wa mji wote ulitegemea chemchemi za milimani.

Miti ilipokwisha, chemchemi nazo zikaanza kudhoofika. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kwa nguvu, mekundu kwa udongo; mvua ikikatika, vijito vilipungua upesi. Ukame ulikuja mara kwa mara, na ule wa mwaka 1844 uliwatisha sana watu. Mji ulikuwa unakua, na maji yalikuwa yanapungua. Tajiri aliyevuna kahawa mlimani aliteseka kwa kiu mjini pamoja na watu wengine.

Huenda mtu akauliza, "Mti una nini na chemchemi? Mti si hunywa maji?" Ni kweli mti hunywa maji, na mengine huyarudisha hewani kwa njia ya majani yake. Lakini kazi yake ya kuyahifadhi ni kubwa. Mtu akitaka kuelewa, na achukue mbao mbili, aziinamishe kidogo. Juu ya ubao wa kwanza atandaze udongo mtupu. Juu ya ubao wa pili aweke bonge la udongo lenye majani na mizizi yake, lililochimbwa kwa uangalifu. Kisha amwagie kila ubao kopo moja la maji polepole. Maji ya udongo mtupu yatashuka mara moja, tena yatakuwa matope. Maji ya ubao wenye majani yatakawia. Machache yatatoka, nayo ni safi zaidi, na baada ya kitambo yatazidi kudondoka tone tone.

Hivyo ndivyo ilivyo katika msitu. Mvua ishukapo, haipigi ardhi kwanza. Hupiga majani ya juu, kisha majani ya chini, kisha huteremka kwa mashina taratibu. Chini hukuta majani makavu yaliyooza, ambayo hunyonya maji kama sifongo. Mizizi, na wadudu, na nyungunyungu wametoboa ardhi matundu mengi yasiyohesabika, na maji hupita humo yakaingia ndani. Huko ndani hukaa katika udongo na katika nyufa za mawe, hutembea polepole, na hutokea tena chini katika chemchemi baada ya siku nyingi. Kwa sababu hiyo kijito cha msituni chaweza kutiririka hata siku ambazo hapana wingu mbinguni. Maji yaangukayo mbele ya mgeni leo huenda yalinyesha zamani, na ardhi ikayatunza.

Tena milima hiyo hupata mvua nyingi. Upepo wa bahari huja na unyevu, hukutana na mlima, hupanda juu, hupoa, na ule unyevu huwa ukungu na mvua. Mvua inyeshayo kwa mwaka huko juu yakaribia kuwa mara mbili ya ile inyeshayo mjini. Basi pasipo na msitu wa kuipokea, mvua hiyo ni hatari. Penye msitu, ni hazina.

Wakuu wa serikali wakafahamu jambo hilo, ingawa wamechelewa. Wakaanza kuwanunulia wenye mashamba ardhi zao zilizokuwa karibu na chemchemi. Mwishoni mwa mwaka 1861 serikali ya Kaisari Pedro wa Pili ikatoa amri kwamba misitu ipandwe tena Tijuca. Kazi akapewa Meja Manuel Gomes Archer, mtu aliyeijua sana miti ya nchi ile. Naye akaanza katika mwaka 1862.

Watu aliopewa kwanza hawakuwa kikosi kikubwa. Walikuwa watumwa sita, na majina yao yamehifadhiwa: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo, na Maria. Watu sita mbele ya mlima uliokwisha kuwa mtupu! Walisafisha mashamba ya kale yaliyomea magugu, wakachimba mashimo, wakabeba miche kwenye miteremko mikali, wakaitia ardhini, wakaipalilia. Miche mingine iliondolewa katika misitu ya karibu iliyosalia, na mingine ililetwa kutoka shamba la Archer mwenyewe. Baadaye wafanya kazi wengine waliongezwa. Archer alipenda hasa kupanda miti ya asili ya nchi ile, wala hakujaza mlima kwa mti wa namna moja tu.

Archer alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1874. Aliyemfuata, Gastão d'Escragnolle, aliendelea kupanda, tena akatengeneza njia, madaraja na mahali pa kupumzikia, hata watu wa mjini wakaanza kuja kutembea. Katika siku za watu hao wawili ilipandwa miti kadiri ya 100,000. Miti hiyo peke yake isingetosha kuufanya msitu wote. Lakini ilipokua ikatoa kivuli, ndege walikuja wakaangusha mbegu, na upepo ukaleta nyingine kutoka vileleni ambako miti ya kale ilisalia. Mwanadamu alianza, na viumbe vya Mungu vikamsaidia kumaliza. Haba na haba hujaza kibaba. Na mche na mche huwa msitu.

Katika mwaka 1888 utumwa ulikomeshwa Brazili. Ilikuwa nchi ya mwisho katika Amerika kuufuta. Wale sita walipanda miti ambayo hawakutumaini kukaa kivulini mwake kama watu huru wenye mali. Hata hivyo kazi ya mikono yao imedumu. Mashamba ya kahawa ya Tijuca yamekwisha, na matajiri wake wamesahauliwa na wengi. Lakini msitu upo.

Mwaka 1961 msitu huo, pamoja na Corcovado na milima mingine ya jirani, ulifanywa hifadhi ya taifa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 40, na mji umeuzunguka pande zote. Wanyama wengine waliotoweka wamerudishwa. Mmoja ni aguti, mnyama wa jamii ya panya, mkubwa kama sungura, aliyeanza kurudishwa mwaka 2010. Huyu ni mpanzi wa ajabu: huokota mbegu kubwa, huzifukia ardhini kuwa akiba, na zile asizozirudia humea zikawa miti. Mwaka 2015 walirudishwa kima wenye kunguruma, ambao sauti yao husikika mbali sana.

Hata hivyo watunza msitu hawakukosa taabu. Mti mmoja unaowasumbua ni mfenesi, ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki waujua vema. Mfenesi asili yake ni Asia. Ulipelekwa Brazili na Wareno. Matunda yake ni matamu, lakini katika msitu wa Tijuca umeenea mno, mbegu zake humea kwa wingi, na miche yake huisonga miti ya asili. Kwa hiyo walinzi hulazimika kuipunguza. Mti mwema shambani huweza kuwa mgeni mkorofi msituni.

Leo maji mengi ya Rio hutoka katika mto wa Guandu, ulio mbali na Tijuca, kwa kuwa mji umekuwa mkubwa kuliko chemchemi za milimani. Je, kazi ya msitu imekwisha? La. Msitu hupoza hewa ya mji wenye joto kali, na mizizi yake hushikilia udongo wa milima isianguke juu ya nyumba. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mvua kubwa sana zilinyesha Rio. Miteremko mingi ikaporomoka, na watu kwa mamia wakafa. Tangu hapo watu wa mji ule wajua kwamba mlima ulio uchi si jirani mwema.

Mgeni akiisha kuyatazama maporomoko, hurudi kwa njia ile ile. Mara sauti ya maji yafifia nyuma ya miti, na baada ya kitambo husikia tena kelele za mji. Kama amejifunza habari za mahali pale, hatasahau kwamba maporomoko hayaanzi pale maji yanapoanguka. Yaanzia juu, chini ya majani yaliyooza, mahali pasipoonekana wala kusifiwa. Na huko yalihifadhiwa na miche iliyobebwa mabegani mwa Eleutério, na Constantino, na Manuel, na Mateus, na Leopoldo, na Maria.

Maswali

1. Kwa nini wenye mali walipenda kupanda kahawa katika milima ya Tijuca?
2. Eleza safari ya tone la mvua tangu lianguke juu ya jani mpaka litokee katika chemchemi.
3. Mti hunywa maji. Mbona basi vijito vya Rio vilipungua miti ilipokatwa?
4. Aguti na mfenesi wote hueneza miti msituni. Kwa nini mmoja hurudishwa na mwingine hupunguzwa?
5. Maporomoko yana jina la mchoraji. Kama ungeambiwa uyape jina jingine, ungechagua jina gani, na kwa sababu gani?
6. Taja kijito au mto ulio karibu na shule yako. Chemchemi yake iko wapi, na juu ya chemchemi hiyo kumeota nini?